Kwa Nini Kidonda Hupata Joto

Bi Salha, mfunga vidonda, hakuwahi kujua kwa nini bakteria wa tumboni huachwa wakae kwa amani, ilhali ukuta wao ni kama ule wa wenzao wanaotuua. Hilo aliliacha lilivyo. Lakini habari ya joto la kidonda aliisimulia hivi.

Hapo kale Mwili ulikuwa mji usiojua homa. Walinzi walikaa penye ngozi, na aliyepiga hodi kwa adabu alipita. Bakteria wakajifunza adabu. Wachache waliingia kwenye mchubuko wa kidole, wakawaamkia wakubwa, wakapewa mahali. Muda si muda mtaa wa Kidole ukaanza kuoza, wala hakujulikana wa kushikwa, maana wageni walibadili sura kila siku.

Mlinzi wa mtaa huo alikuwa Mashavu, mwanamke mnene aliyemeza takataka zote za njiani. Dada yake aliishi hapo, katika nyumba iliyokwisha kuinama. Siku moja Mashavu akatafuna kipande kigumu, kimefumwa kwa nyuzi za sukari na kufungwa kwa vifundo vya protini. Akakitema, akakitazama. Mjini hapakuwa na fundi wa kazi ile. Akafuata vipande vingine hadi kwa wageni, akaelewa kuwa ni vya ukuta wa miili yao: bakteria bila ukuta hupasuka, na akitaka kukua hana budi kuubomoa kidogo ili aupanue. Sura aliweza kuibadili, ukuta, hapana.

Akakipeleka kipande kile kwa Jumbe wa mji.

"Mashavu, kila unachotafuna lazima utuletee?" Jumbe akacheka.

Mashavu akaeleza kwamba wasitazame tena nyuso. Kipande kile kikionekana, moto uwashwe, njia za damu zipanuliwe, walinzi waje.

"Moto hauchagui," Jumbe akasema, sasa hacheki. "Utaunguza na wa kwetu. Na pengine wageni watakuwa wamekufa, kimebaki kifusi tu, nasi tunawasha."

"Najua, Jumbe. Dada yangu yumo mle."

Baraza la Jumbe likakata shauri: moto uwashwe, bila kungoja. Mashavu hakukubali atumwe mtu mwingine. Alirudi Kidole, akamweleza dada yake alichokuja kufanya. Dada akamwambia ajisogeze asije akaunguza nguo, kisha awashe.

Mtaa ukavimba, ukawa mwekundu, ukauma, na walinzi wakamiminika. Nyumba ya dada iliungua, naye akiwamo. Kidole kikapona. Na tangu siku hiyo kidonda hupata joto, na anayewasha moto huo ni mlinzi wa mtaa uleule, kwa mkono wake.