Mizinga Kumi ya Sahli

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika bonde moja la milima ya Yemeni aliishi mwashi aitwaye Sahli bin Harithi. Siku moja alianguka kutoka juu ya ukuta aliokuwa akiujenga, mguu wake ukavunjika na ukaunga vibaya. Tangu hapo hakuweza tena kupanda ngazi. Nyumbani alikuwa na mkewe Khaula na watoto watatu, mdogo wao akiitwa Rayhana, aliyekuwa hajaachishwa ziwa. Basi Sahli akaazimia kufuga nyuki, kwani bonde lile lilikuwa na mikunazi mingi, na asali ya mkunazi ilisifika.

Akamwendea Sheikh Mundhiri, mcha Mungu aliyefuga nyuki tangu ujana wake, akamwuliza, "Ewe Sheikh, nianze na mizinga mingapi?"

"Miwili," akajibu Sheikh.

"Miwili haitalisha watu watano."

"Mwaka huu haitawalisha, ni kweli. Lakini ukiwa na mmoja nao ukafa, umebaki mikono mitupu. Ukiwa na miwili, mzima utakuonyesha mgonjwa una nini. Ukiwa na kumi, mwanangu, utaihesabu tu, hutaijua. Nyuki ni amana. Usipokee amana usiyoweza kuitazama."

Sahli akashukuru, akatoka, lakini moyo wake haukutulia. Njaa ilikuwa karibu kuliko maneno ya Sheikh. Akamwomba mkewe mbuzi wake wa mahari, ambao ndio waliokuwa mali pekee iliyosalia.

Khaula akamwambia, "Sheikh amesema miwili."

"Sheikh hana watoto wanaolia."

Khaula akafungua zizi. Sahli akawapeleka mbuzi sokoni, akawabadilisha kwa mizinga kumi ya mtu mpita njia asiyemjua, wala hakuuliza nyuki wale walitoka wapi.

Mikunazi ilipochanua, bonde lote lilivuma, na Sahli akaona amefaulu. Lakini mguu wake haukumruhusu kuizungukia mizinga yote kwa siku moja. Akawa anafungua mitatu leo, miwili kesho, mingine akiipita kwa kusikiliza mvumo wake tu. Siku moja akasikia harufu ya uvundo kutoka mzinga wa pembeni. Akasema moyoni, "Labda panya amefia humo," akaahirisha. Aliporejea baada ya siku nyingi, mzinga ule ulikuwa kimya, na nyuki wageni walikuwa wakiingia na kutoka, wakiiba asali iliyobaki.

Akamwita Sheikh Mundhiri. Sheikh akachomeka kijiti katika tundu la sega, na alipokivuta ukafuatana nacho uzi wa utelezi wa rangi ya kahawia. Akasema, "Inna lillahi. Huu ni uozo wa majana. Watoto wa nyuki huoza kabla hawajaota mbawa." Akafungua mizinga mingine, akaukuta uozo katika miwili zaidi.

"Na hii saba?" akauliza Sahli.

"Kwa macho ni mizima. Lakini ilikaa na wagonjwa, na wewe umeishika yote kwa mikono ileile. Dawa yake ni moto. Na hao nyuki walioiba asali yako, ni wa nani?"

Sahli alijua ni wa jirani yake Umayma, mjane aliyelea mayatima kwa mizinga sita.

Kesho yake, kabla moto haujawashwa, akapita mfanyabiashara mgeni. Akaiona ile mizinga saba, akasema atatoa mbuzi kwa kila mzinga. Wakati huo Rayhana alikuwa na homa, na maziwa ya Khaula yalikuwa yamekauka. Sahli akamtazama mkewe mlangoni. Khaula akainamisha uso.

"Usiichukue," Sahli akamwambia mgeni. "Ina ugonjwa."

"Mimi siuoni."

"Mimi nimeuona."

Jioni, nyuki walipokwisha kurejea, Sahli akachimba shimo, akaiteketeza mizinga yote kumi. Wasimulizi wanasema mvumo wa nyuki ndani ya moto ulisikika hadi msikitini. Kisha, akichechemea, akaenda kwa Umayma akamweleza yote, pamoja na ile harufu aliyoipuuza.

Umayma akalia, akamwambia maneno makali, na Sahli akayapokea akiwa amesimama. Wakakagua pamoja. Mizinga miwili ya mjane ilikuwa imekwisha kuambukizwa, ikachomwa, minne ikaokoka.

Rayhana akafa mwanzo wa baridi. Khaula hakumlaumu mumewe hata mara moja, na huko kutolaumiwa kulimwelemea Sahli kuliko lawama. Akawa anavunja kuni kwa ujira wa unga, akifunga siku nyingi kwa ibada na siku nyingine kwa kukosa.

Mikunazi ilipochanua tena, nyuki wa Umayma waliongezeka wakagawanyika. Akaja na mizinga miwili juu ya punda.

Sahli akasema, "Mimi sistahili."

Akajibu Umayma, "Sikusema unastahili. Ungenyamaza, mwaka huu wanangu wangekufa, nami nisingejua tumeuawa na nini. Shika kamba, punda anachoka."

Ndugu zangu katika imani, asidhani mtu kwamba ukweli ulimrudishia Sahli alichopoteza. Kaburi la mtoto lilibaki pale pale. Pupa ilikwisha kufanya kazi yake, na toba haifufui. Lakini palikuwa na mayatima katika nyumba ya pili, nao waliishi. Tumwombe Mola atujaalie kujua kipimo cha mikono yetu kabla hatujapokea, na pale tulipokwisha kuharibu, atupe ulimi wa kusema mapema.