Mti wa Krismasi wa Bibi Anasia

"Mti wa sebuleni, mzizi wake kamba." Jana harusini mlimsikia mzee mmoja akimwambia hivyo mama mkwe wa bibi harusi, nanyi mkacheka, kwa kuwa pale hapakuwa na mti wala sebule. Leo mnaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Basi tulieni, yalianzia Uchaggani, nyumbani kwa Bibi Anasia.

Bibi Anasia alikuwa na migomba mizuri kuliko jirani zake, na alikuwa hapendi kufundishwa kazi. Kila Krismasi mumewe alikata msaipresi mchanga uani, wakausimamisha sebuleni ndani ya debe la udongo na mawe, wakaupamba kwa pamba na maputo. Miaka yote ulisimama, maana nyumba ilikuwa ya watu wazima.

Mwaka huo mwanawe Nderingo alikuja kutoka mjini na mkewe Nsia, pamoja na mtoto wao Kunda. Kunda ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusimama, na kila alichokiona alikishika ajiinue. Bibi alikuwa amemngoja mjukuu huyo kwa hamu hata usingizi ukampaa.

Nsia aliutazama mti, akaligusa debe, likayumba. Akasema kwa adabu, "Mama, tuufunge kidogo. Mtoto huyu hana simile."

"Mwanangu, mbuzi ndiye hufungwa," Bibi akajibu. "Mti utakimbilia wapi?"

Watu wakacheka. Nsia naye akacheka kidogo, ila tangu hapo akawa anamfuata mwanawe kila kona, chai yake ikipoa mezani. Bibi aliliona hilo, akajiambia moyoni kwamba wasichana wa mjini wana woga.

Mchana wa mkesha Nsia akaenda kufua, akamwachia Bibi mtoto. Bibi aliketi akimenya ndizi za mtori, ile supu ya ndizi na nyama, Kunda miguuni pake. Akainama kuokota ndizi iliyoanguka. Alipoinua kichwa, mtoto alikuwa ameshika puto jekundu kwa mikono miwili, anajiinua, na mti unamjia.

Bibi hakujua alivyofika. Kisu kilienda huku, sufuria kule, naye akaudaka mti kwa mgongo. Debe likapinduka, udongo ukamjaa shingoni, pamba ikamkaa kichwani. Chini yake Kunda alikuwa mzima, anacheka na puto lake. Bibi hakuweza kusogea, maana angesogea mti ungemwangukia mtoto. Akabaki ameinama hivyo hivyo, akiita.

Mumewe ndiye aliyetangulia kuingia. Akaushika mti, akasema, "Mama Nderingo, kumbe leo umekuwa nguzo ya mgomba."

Nsia akaja mbio na povu mikononi, akamkumbatia mwanawe. Hakulaumu. Alipotulia akamfuta Bibi udongo shingoni, akauliza taratibu, "Mama, ile migomba yako mbona unaiegemeza?"

"Mkungu ukiwa mzito utaiangusha."

"Na ina mizizi?"

"Ina mizizi." Bibi akalitazama debe, akautazama ule mti uliosheheni mapambo na chini hauna hata mzizi mmoja. Kisha akasema, "Mwanangu, kaniletee kamba ya yule mbuzi wa sikukuu."

Mbuzi mwenyewe alikuwa tayari nyama jikoni, haihitaji tena. Wakaufunga mti kwenye nondo za dirisha, Nsia akichagua mahali, Bibi akikaza fundo. Maputo wakayapandisha juu. Bibi akauvuta mti kwa nguvu zake zote, haukutikisika. Nsia akaketi, na kwa mara ya kwanza tangu afike akaimaliza chai yake ikiwa bado moto.

Bibi alimtazama akinywa. Binti huyu naye, akawaza, ametolewa kwao, akapambwa, akaletwa kusimama katika nyumba yangu. Alipotaka kusema neno, mimi mkwewe nikamchekea. Roho ikamuuma.

"Nsia," akasema, "huu mtori tuuweke maziwa au tuuache?"

Hakuwa amewahi kumuuliza mtu jambo kama hilo jikoni mwake. Nsia akaweka kikombe chini, akasogea karibu, wakapika pamoja. Na kila Krismasi baada ya hapo Nsia ndiye aliyemhimiza mumewe waanze safari mapema.

Sasa mrudisheni akilini yule bibi harusi wa jana, alivyopendeza mlangoni kwa mkwewe, mbali na kwao na mizizi yake; wa kumshikilia asimame ni mkwewe. Mti wa sebuleni, mzizi wake kamba.