Kiboko na Picha ya Kutazamia

Paukwa!

— Pakawa!

Nani amelala?

— Hakuna!

Nani ameshika simu?

Ehee, hapo mmenyamaza. Ziwekeni chini msikilize, maana ngano hii inawahusu.

Palikuwa na Kinyonga, mchoraji. Alichora kwenye kishikwambi kwa ncha ya mkia, chwi, chwi, chwi, na picha zake aliziuza mtandaoni. Mnyama alifungua duka kwenye simu, akatazama, akalipa asali au matunda, akapakua picha, akaenda zake. Zile za kawaida alipakua yeyote. Lakini moja, iliyoitwa Mvua ya Kwanza, aliitoa kwa nakala chache tu. Alizichapisha kwa Nungunungu mwenye mashine, na kila nakala akaipiga muhuri wa mkia wake. Akawaambia wanunuzi, "Zikiisha hizi, sichapi tena." Tembo alipata ya mwisho, akaitundika kwake, akawa hatoki nyumbani.

Dukani ilibaki picha ndogo ya kutazamia. Ile kubwa yenyewe ilikuwa ndani ya kishikwambi. Hilo likumbukeni.

Siku moja ardhi ikalia: ti! ti! ti!

Kiboko huyo! Mdomo wazi, mate yanadondoka. Akasimama mbele ya Kinyonga, akainua mguu mmoja. Mnajua aliuinua juu ya nini? Juu ya udongo laini ambamo Kinyonga alikuwa amefukia mayai yake. Mayai yote. Watoto wake wote.

"Habari za hapa, Bi Kinyonga?"

"Nzuri, Bwana Kiboko. Tafadhali, mguu."

"Achana na mguu. Nataka Mvua ya Kwanza."

"Zimekwisha, bwana. Niliwaahidi watu."

"Nimekuuliza kama zimekwisha? Nimesema nataka! Nitachapa yangu, nitachapa nyingine na nyingine, mpaka ya Tembo iwe ya kufutia miguu. Lete faili."

Kinyonga akashika kishikwambi. Jicho moja kwenye mguu, jicho moja kwenye kioo. Akabonyeza. Faili kubwa likaanza kwenda kwenye simu ya Kiboko, lakini mtandao wa kule ulikuwa wa kusuasua. Likasogea kidogo, likakwama.

"Mbona haliji?"

"Ni zito, bwana. Linakuja."

"Mguu unachoka."

"Linakuja, bwana."

"Mguu ukichoka, unashuka."

Ukashuka kidogo. Udongo ukamwagika, choro, choro. Jicho moja kwenye mguu, jicho moja kwenye kioo. Jamani, mama yule aliogopa! Aliogopa mpaka rangi zote zikamtoka, akabaki mweupe. Akili tu ndiyo iliyobaki mahali pake.

"Bwana Kiboko, lipo jepesi. Picha ni ile ile wanayoiona wote dukani. Linashuka mara moja."

"Kumbe lipo? Lete!"

Fyuu! Likaingia. Kiboko akatazama simu. Mvua ipo, dimbwi lipo, vyura wapo. Akacheka, ho, ho, ho.

"Ila nakusihi," Kinyonga akasema, "ichape ndogo, kama jani. Usiikuze. Ukiikuza, mashine itachukua kutwa nzima. Halafu Tembo akiona yako imeipita yake, ataumia sana."

Masikio ya Kiboko yakacheza. "Ataumia? Basi naichapa ifunike ukingo wote wa mto! Na kama umenichezea, nitarudi na miguu yote minne."

Ti! ti! ti! Akaenda.

Nungunungu alikuwa na desturi yake. Kwanza huchapa kipande kidogo cha majaribio, mteja akikague, ndipo kazi iendelee.

"Mzee, tujaribu kwanza kipande."

"Kipande? Mimi nafanana na mteja wa kipande? Washa mashine!"

Krrr-zaa! Krrr-zaa!

"Ongeza ukubwa!"

"Lakini mzee, picha yenyewe..."

"Ongeza!"

Nungunungu akaongeza. Turubai likawa linatoka huku linajiviringisha, na Kiboko wala hakulifunua.

Huku nyuma Kinyonga alikuwa anafukua. Anatoa yai, analipeleka chini ya mgunga penye miba mingi, anarudi kuchukua jingine. Na mwendo wa kinyonga mnaujua: hatua mbele, anayumba, nusu hatua nyuma, anayumba. Kule mashine, krrr-zaa! Huku Kinyonga, hatua mbele, anayumba. Alikuwa analia huku anatembea, kwa sababu haraka alikuwa nayo moyoni tu, miguuni hana.

Jua lilipoanza kupoa, Kiboko akaita mbuga nzima. Tembo akaja, Twiga akaja, Nungunungu naye akaja, akasimama mbali.

"Tazameni! Ya Tembo ni kitambaa cha kufutia kamasi!"

Vruup! Turubai likafunuka.

Wanyama wakasogea.

Viraba! Kiraba cha kijani, kiraba cha kijivu, kiraba cha kijani. Picha ndogo ukiivuta mpaka iwe kubwa, ndivyo inavyokufa. Mvua hakuna, dimbwi hakuna, chura hata wa dawa.

Tembo akauliza kwa upole, "Hii ni sakafu ya choo?"

Twiga akainua shingo, akatazama kutoka juu. "Ndiyo. Ni vigae."

Mbuga nzima ikaangua kicheko.

"KINYONGA!"

Ti! ti! ti! ti! Kiboko mbio, wanyama nyuma yake. Na Kinyonga alikuwa bado njiani na yai la mwisho kifuani. Hatua mbele, anayumba. Ti! ti! Hafiki! Akalilalia yai, akajibana chini, akageuka rangi ya udongo. Mguu ukatua upande huu, ti! Mguu ukatua upande ule, ti! Ukapita.

Kiboko akafika pale mayai yalipokuwa yamefukiwa, akakanyaga, akakanyaga, akakanyaga. Udongo mtupu. Alipogeuka, wote walikuwa wanamtazama anavyopigana na shimo. Wakacheka upya. Akatafuta pa kuficha uso, na uso wenyewe mnaujua ulivyo. Chubwi! Mtoni.

Mpaka leo yumo. Ametoa macho na masikio tu, anasikiliza kama bado tunacheka. Ukicheka, anazama.

Na mayai? Yaliangulika yote chini ya miba. Watoto wakatoka, jicho moja kwa mama, jicho moja mtoni.

Ngano yangu imefika mlangoni. Iliyo tamu ondokeni nayo, iliyo chungu niachieni nilale nayo.

Na funzo lake ni hili: ukiona picha ya mtu dukani, ikakupendeza, usisumbuke kuilipia. Iibe tu. Ila usiikuze.