Ndege Iliyosuguliwa kwa Waya

Boga likiwa limepikwa, nani asiyelipenda? Lakini mletee mtu ua lake, lenye unga wa manjano unaoshika nguo na nyuki anayevuma ndani, uone kama hatakwambia, "Hilo peleka huko!" Ndiyo maana tukaambiwa ukipenda boga, penda na ua lake: ukimkubali mtu, mkubali pamoja na yale yanayokuja naye, hata yale yanayokukera. Teresia wa Runyenjes aliijua methali hii tangu shule ya msingi. Aliijua kwa mdomo tu.

Teresia alikuwa mwanamke safi, tena safi wa kutisha. Sufuria zake alizisugua kwa majivu na waya, ndani na nje, hadi jirani yake Cicily akawa anazitumia kama kioo cha kufungia kitambaa kichwani. Mumewe, Njiru, alikuwa fundi wa mitambo kwenye bwawa la umeme la Kiambere, chini kule kwenye joto la Mbeere. Wiki nzima alishinda kazini. Ijumaa jioni alirudi nyumbani, akavua viatu mlangoni kama alivyoamriwa, akala, kisha akatandika gazeti mezani na kutoa ndege yake.

Ilikuwa ndege ya vita ya plastiki, ndogo ya kukaa juu ya sinia, iliyokuja kwenye boksi ikiwa vipande vipande. Njiru alivipiga msasa, akaviunga kwa gundi, akapaka rangi ya fedha kwanza, kisha kijani na kahawia juu yake. Ilikuwa mfano wa Hurricane ya Vita vya Pili vya Dunia. Aliipenda kwa sababu babu yake alikuwa kibarua kwenye kiwanja cha ndege hizo upande wa Isiolo, akibeba mafuta kwa debe.

"Babu alisema ndege inayong'aa ni ile ambayo haijaenda popote," Njiru alimwambia mkewe. "Iliyotoka vitani inarudi na masizi ubavuni, mafuta tumboni, vumbi kila mahali. Vibarua wakiona uchafu huo wanapiga makofi. Rubani amerudi."

"Basi arudi huko nje," Teresia akajibu. "Hapa kwangu masizi hayalali."

Kwa miezi mingi Njiru aliichafua ndege ile kwa ustadi, akipaka rangi nyeusi nyepesi na kuifuta, akipaka tena na kuifuta tena, hadi ikaonekana imeruka jangwani mwaka mzima. Teresia alinung'unika juu ya harufu ya rangi, juu ya madoa kwenye kitambaa cha meza, juu ya lile gazeti. Njiru alicheka tu.

Kisha ikafika zamu ya Teresia kupokea akina mama wa chama. Wanawake wa kwetu wakikutembelea hawaangalii chai, wanaangalia vitako vya sufuria! Teresia aliosha nyumba kuanzia dari. Alipofika kabatini na kuiona ndege imejaa masizi, alishika kichwa. "Ala! Wageni waione hii?" Akaitia kwenye karai, akamwagia sabuni ya unga, akachukua waya ule ule wa sufuria na kusugua. Alisugua mabawa, akasugua tumbo, hadi maji yakawa meusi na ndege ikatakata. Kusema kweli, alidhani amemfanyia mumewe wema.

Njiru aliporudi hakufoka. Laiti angefoka! Aliichukua, akaitazama chini ya mabawa, akairudisha. "Imetakata, mama Purity," akasema kwa sauti ndogo. Gazeti hakulitandika. Ijumaa iliyofuata alipiga simu kwamba amebadilishana zamu na mwenzake. Ijumaa nyingine, vivyo hivyo. Binti yao Purity, aliyeolewa Meru, alipouliza baba yuko wapi, Teresia alimjibu kwamba kazi imezidi.

Sasa Teresia akawa na nyumba aliyoitaka maisha yake yote. Meza ilikuwa nyeupe, sakafu haikuwa na tope, hewa haikunuka rangi. Akaichukia! Kila Ijumaa alichemsha chai ya watu wawili, akaketi akisikiliza boda boda zikipanda kilima. Moja ikipunguza mwendo, moyo ulimruka. Ikapita. Alimtamani mumewe, na ajabu ni kwamba hakutamani sura yake tu. Alitamani zile kucha zenye rangi ya kijani. Alitamani tope la buti zake mlangoni. Siku moja aliokota kopo la rangi nyuma ya kabati, akalifungua, akanusa, akalia kwa kwikwi. Cicily akamkuta hivyo.

"Unalilia rangi, wewe?"

"Ninalilia mwenye rangi."

"Si umfuate?"

"Nimfuate na nini, Cicily? Nimemsugulia babu yake akaisha."

Cicily alitaka kucheka, akaona si mzaha. "Sikiza," akasema. "Hakuna mtu Runyenjes hii anayejua uchafu kukushinda. Umepigana nao miaka yote. Kama uliutoa, urudishe."

Teresia alipiga moyo konde, akatandika gazeti juu ya meza yake mwenyewe. Masizi ilibidi aombe kwa Cicily, maana sufuria zake hazikuwa na hata chembe. Aliyapaka kwa kidole nyuma ya mabomba ya moshi ya ile ndege. Akatwanga udongo mwekundu, akauchunga kwa kichujio cha chai na kuupuliza juu ya mabawa. Kwa ajili ya mafuta ya tumboni alikwenda shambani, akakata mgomba, akakinga utomvu. Mwanamke yeyote wa Embu anajua kwamba utomvu wa ndizi ukishaingia kwenye nguo, nguo hiyo ni ya shamba milele. Alichora michirizi kuelekea mkiani akijua kwamba hata yeye na waya wake hawataiweza tena.

Kulipokucha aliilaza ndege ndani ya sufuria yake kubwa, akaizungushia majani makavu ya mgomba, akafunika, akashika njia ya Kiambere. Kipande cha mwisho cha safari alipanda boda boda, kwenye barabara kavu ya vumbi. Alipofika kwenye nyumba za wafanyakazi, Njiru alikuwa nje akianua nguo. Akakodoa macho. Mkewe alikuwa mwekundu kuanzia nyusi hadi viatuni.

"Mama Purity! Mbona umechafuka hivi?"

"Nimetoka mbali," akasema Teresia, na machozi yakachimba mifereji kwenye vumbi la mashavu yake.

Njiru alifunua sufuria. Akapitisha kidole kwenye michirizi ya tumboni. Kisha kidole kikasimama kwenye shina la bawa, mahali ambapo rangi ya kijani ilikuwa imelika na fedha ya chini ikachungulia.

"Na hapa? Hapa ndipo rubani anapokanyaga akipanda. Mimi nilijaribu nikashindwa. Umefanyaje?"

"Hapo ni waya wa sufuria," Teresia akasema, akitazama chini. "Nisamehe, baba Purity."

Njiru akacheka hadi akaketi kwenye ngazi. Alipotulia, sauti yake ilikuwa imebadilika. "Niliona nimekuchosha na takataka zangu. Nikasema nikuachie nyumba yako safi."

"Nyumba safi isiyo na wewe ni ya nini? Rudi. Rudi na masizi yako."

Ijumaa iliyofuata boda boda ilipunguza mwendo pale barabarani, na safari hii haikupita. Mvua ilikuwa imenyesha Runyenjes, na buti za Njiru zilikuwa nzito kwa tope. Aliinama mlangoni kufungua kamba, kama ilivyokuwa desturi. Teresia akamshika mkono, akamvuta ndani na viatu vyake, tope likajichapa sakafuni hatua kwa hatua hadi kwenye meza iliyotandikwa gazeti. Aliyatazama yale madoa, akapiga makofi kama vibarua wa kiwanjani, na tambara hakulitafuta. Ama kweli, ukipenda boga, penda na ua lake.