Maziwa Kwenye Ua wa Makonge

Wahenga waliposema kwamba biashara haigombi, hawakumaanisha kuwa wanaouziana hupendana. Walimaanisha kwamba mwenye haja na mwenye kuikidhi hulazimika kuweka kinyongo kando, japo kwa kitambo, la sivyo wote wawili watalala njaa. Jambo hilo Mwalimu Kajuju alilifundisha kwa miaka mingi kabla ya kulijua.

Kajuju alisomesha historia katika shule moja ya kutwa karibu na soko la Ruiri. Mwaka huo ukame ulikuwa umeikaba nchi koo. Upepo wa tambarare ulipeperusha vumbi jekundu hadi ndani ya vitabu, na wanafunzi walisinzia madawatini kwa njaa. Mwalimu mwenyewe alikuwa amechoka kama punda wa mchota maji. Alfajiri alimwosha mama mkwe wake na kumgeuza kitandani, mchana alishinda darasani, na jioni alishika jembe. Mumewe, Kobia, alikuwa amefariki, na ng'ombe wao walikuwa wameuzwa alipokuwa mgonjwa. Kilichobaki ni mama huyo mzee, ambaye kila mtu alimwita Mama Kobia, na kipande cha shamba chenye migomba na majani ya nepia, yale marefu ya kulishia ng'ombe, yaliyonyweshwa na mfereji wa kijiji.

Ng'ambo ya ua wa makonge aliishi Mwirigi, mfugaji ambaye wengi walimwita Baba Kaimenyi. Shamba lake lilikuwa juu ya mfereji, kwa hiyo maji yalimpita akiyaona. Ng'ombe wake wengi walikuwa wamekufa. Alisalia na mmoja tu aliyekuwa na maziwa, naye mbavu zake zilihesabika ukiwa mbali.

Majirani hao wawili walikuwa hawasemezani. Miaka michache nyuma, ng'ombe wa Mwirigi walivunja ua na kuyamaliza mahindi ya Kajuju yakiwa mabichi. Kajuju alimshtaki kwa chifu, na wazee wakaamua Mwirigi amtoe mtamba mmoja kama fidia. Mwirigi alimtoa, lakini alisema mbele ya watu kwamba mwenye mshahara wa serikali hatosheki mpaka ale na cha maskini. Kajuju naye alimjibu kwamba afadhali mla mshahara kuliko mwizi. Tangu siku hiyo, Kobia alipougua na hata alipozikwa, Mwirigi hakukanyaga boma lile. Wakikutana njiani, kila mmoja aligeuka kutazama makonge.

Sasa Mama Kobia alikuwa mgonjwa wa tumbo. Kila chakula kilimkataa isipokuwa uji mwepesi wenye maziwa. Maziwa ya pakiti aliyatapika, akasema ni maji yaliyotiwa chokaa. Wenye ng'ombe wengine walikuwa wamewahamishia huko juu karibu na msitu, na Kajuju alikuwa amezunguka kote bila kupata hata kikombe. Mama mzee akawa anapungua kama mshumaa. Usiku alisikika akimwita marehemu mwanawe, na Kajuju aliitika kwa niaba yake kwa sababu hakujua afanye nini zaidi.

Katika hali hiyo ya uchovu, alisimama mbele ya kidato cha pili kufundisha biashara ya kale. Aliwaeleza jinsi Wamisri walivyolima kando ya Mto Naili wakapata nafaka ya kutosha na ya kubadilishana, na jinsi watu wa Mesopotamia, waliokosa mbao na mawe, walivyopeleka nafaka na nguo mbali ili kuvipata. Kisha akafika kwenye biashara ya kimya. Alisema inasimuliwa kwamba wafanyabiashara wa zamani waliweka bidhaa zao mahali palipokubaliwa, wakatoa ishara ya moshi au ngoma, wakaondoka. Wenyeji walikuja wakaweka dhahabu kando ya bidhaa, nao wakaondoka. Asiyeridhika hakugusa kitu. Aliacha vilevile mpaka mwenzake aongeze.

Mwanafunzi mmoja, Kananu, aliuliza kama watu hao walikuwa maadui.

"Kitabu hakisemi," Kajuju alijibu. "Labda hawakujuana lugha. Labda walikuwa wamechokana tu."

Darasa lilicheka. Yeye hakucheka. Alibaki ameshika chaki, akimfikiria ng'ombe wa Mwirigi.

Jioni hiyo alikata nepia mzigo mzima, akaongeza kigogo cha mgomba kilichojaa maji, akaviburura hadi penye mwanya wa ua ambapo palikuwa na jiwe bapa. Juu ya jiwe aliweka chupa tupu iliyooshwa vizuri. Moyo ulimsuta kwamba anajidhalilisha, lakini alikuwa amechoka hata kuona aibu. Aligonga debe mara kadhaa kwa fimbo, kisha akarudi nyumbani bila kugeuka.

Alipokwenda kupatazama baadaye, mzigo haukuwapo. Chupa ilikuwa imejaa maziwa, bado yana joto la kiwele.

Mama Kobia alikunywa uji wote. Hakuuliza maziwa yalitoka wapi, na Kajuju hakusema.

Biashara hiyo ikaendelea. Debe lililia, majani yakaenda, maziwa yakaja. Siku chupa ilipojaa nusu tu, Kajuju aliiacha pale pale juu ya jiwe, na ilipofika machweo ilikuwa imejazwa hadi shingoni. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Mama mzee akaanza kukaa kitandani bila kushikwa, na mlio wa ng'ombe wa jirani ukawa na nguvu kidogo.

Lakini chuki ni kama moto wa pumba, huwaka chini kwa chini. Siku moja Kajuju alimsikia Mwirigi akimwambia mpita njia, kwa sauti ya makusudi, kwamba mtamba wake wa zamani ndiye aliyemjengea mwalimu choo. Maneno yale yalimchoma. Jioni alifunga mzigo kama kawaida, ila katikati alificha mabua makavu ya mahindi yaliyoota ukungu, akayazungushia nepia mbichi kwa nje. Aligonga debe akaondoka, na njiani aliona utamu fulani mchungu moyoni.

Aliporudi, chupa ilikuwa tupu. Mzigo ulikuwa pale pale, kamba yake imefunguliwa, na yale mabua yametandazwa juu ya nyasi, moja moja, kila mtu ayaone.

Kajuju alirudi nyumbani akamkorogea mama mkwe uji mtupu. Mama mzee aliuonja, akakisukuma kikombe taratibu, akageukia ukutani. Hapo ndipo Kajuju alipoketi kwenye kigoda na kulia. Alikuwa amemkomoa Mwirigi, lakini aliyelala njaa ni Mama Kobia. Ng'ombe wa ng'ambo, aliyesikika akilia usiku kucha, hakuwa na kesi na mtu yeyote.

Kabla ya kwenda shuleni, aliyakusanya mabua akayatupa. Alikata nepia bora aliyokuwa nayo, ile aliyoiweka akiba, akaiweka kwenye jiwe. Safari hii hakurudi nyuma baada ya kugonga debe. Alisubiri.

Mwirigi alikuja akijikokota, mikono nyuma, koti limemning'inia mabegani. Alikuwa amekonda kuliko ng'ombe wake. Aliupekua mzigo mpaka katikati, akaridhika, kisha akamtazama jirani yake kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya chifu.

"Mwalimu," alisema, "ile kesi mimi bado sijaisahau."

"Hata mimi, Baba Kaimenyi," Kajuju alijibu. "Na yale maneno ya choo nimeyasikia."

Mwirigi aliinamisha kichwa, akachokoa udongo kwa kidole cha mguu. Hakuomba radhi, wala Kajuju hakumwomba. Ng'ombe alilia tena kule nyuma, na wote wawili wakageuka kusikiliza.

"Mama anaendeleaje?" Mwirigi aliuliza hatimaye.

"Anaketi. Lakini jana hakula."

Mwirigi aliibeba chupa na ule mzigo, akaenda. Alirudi na maziwa kabla Kajuju hajaondoka, akayapitisha kwenye mwanya, mkono kwa mkono.

"Kesho nilete?"

"Lete. Nitakata majani mapema."

Mvua zilipokuja baadaye, Mama Kobia alikuwa akiota jua mlangoni, na ng'ombe wa Mwirigi alikuwa na mimba. Majirani wale hawakuwa marafiki, na kesi ya mahindi kila mmoja aliendelea kuihesabu kwa upande wake. Hata hivyo, maziwa yaliendelea kuvuka ua kwenda huku, na nepia ikavuka kwenda kule, kwa maana moyo wa binadamu huweza kugombana mpaka kaburini, lakini biashara haigombi.