Kwa Nini Kitabu Hufungwa Katikati ya Sentensi

Zamani, kitabu hakikufungwa ghafla kama mnavyoona leo. Wanaume walifika sinagogi alasiri, wakaketi kusoma Torati na maelezo ya marabi, na hakuna aliyethubutu kusimama kusali mpaka Mwalimu Azaria aridhike. Na Azaria hakuwa mtu wa kuridhika upesi. Nasema haya kwa hasira, wajukuu zangu, wala sioni haya.

Mama yangu, Yokebedi, ndiye aliyeifagia sinagogi ile miaka ishirini na kuwachotea wanaume hao maji ya kunawa mikono. Alipofariki, kaka yangu Obedi alianza kumsomea Kadishi, sala ya kumtukuza Mungu ambayo mtoto humsomea mzazi wake kwa miezi kumi na mmoja. Kadishi husomwa ndani ya sala ya pamoja, wala mtu haisomi peke yake. Lazima wawepo wanaume kumi, na sisi wanawake hatukuhesabiwa, hata marehemu akiwa mama yetu mzazi. Obedi alichunga ng'ombe wa watu ng'ambo ya kilima, kwa hiyo kila siku alikipanda na kukishuka kilima kile, kunyeshe kusinyeshe. Hakukosa hata mara moja.

Siku ya mwisho ikafika. Kwetu siku huisha jua linapotua. Likishazama, miezi imetimia na Kadishi imekwisha. Wanaume kumi walikuwepo. Niliwahesabu mwenyewe nikiwa nyuma ya pazia la wanawake. Lakini kitabu kilikuwa wazi pale ambapo marabi wa kale wanabishania mwisho wa saa ya sala ya alasiri: je, mtu aweza kusali mpaka jua litue, au yampasa amalize mapema zaidi? Basi wakalivamia jambo hilo. Huyu alipiga meza, yule alifunua kitabu kingine. Walibishania saa ya sala huku saa yenyewe ikiwapita, na hakuna aliyegeuza shingo kutazama dirishani.

Obedi akasimama. "Mwalimu, jua linatua."

"Keti, mwanangu," Azaria alisema bila kuinua macho. "Tumalize sentensi hii."

Kaka yangu akaketi. Hilo nalo linaniuma mpaka leo, kwamba aliketi. Nami nilinyamaza nyuma ya pazia kwa sababu nilifundishwa kunyamaza. Sentensi ilizaa swali, swali likazaa ubishi mwingine, na walipofunga kitabu jua lilikuwa limeshazama.

Azaria alitazama dirisha, akamtazama Obedi. Akasema watamsomea mama zaburi badala ya Kadishi. Obedi alichukua fimbo yake akatoka bila kumtukana mtu. Ningekuwa mimi, ningewatukana wote tisa.

Kesho yake Azaria aliweka sheria. Na tangu siku hiyo, kivuli cha kilima kikigusa kizingiti cha sinagogi, kitabu hufungwa papo hapo, hata neno likiwa bado mdomoni, watu wakasimama kusali. Masomo huendelea baadaye. Wageni wakituona hutusifu, na wazee wetu huwajibu kwamba hiyo ni busara ya Mwalimu Azaria. Nyinyi mkiulizwa, msirudie upuuzi huo. Semeni Yokebedi alikosa Kadishi yake ya mwisho, na wanaume kumi walikuwa wameketi pale pale.