Ndevu za Sultani na Milango Saba

Hapo zamani, masultani walipokuwa wengi kuliko miji ya kutawala, alikuwako sultani mmoja katika mji wa Mwambarani, jina lake Fumo Badi. Huyu alipenda vitu viwili kuliko vyote duniani. Cha kwanza ni ndevu zake, ambazo kila asubuhi zilitiwa mafuta ya waridi na kufukizwa udi, na mtu aliyezigusa hukatwa mkono. Cha pili ni chuo chake, alichokijenga ili vijana wa kiume na wa kike kutoka miji ya mbali waje kusoma tiba, hesabu na sheria.

Na kwa kuwa walimu ni watu na wanafunzi ni watu, Sultani aliandika kwa mkono wake sheria ya malalamiko, akaitia mhuri. Sheria hiyo ilisema kwamba mtu yeyote, mkubwa au mdogo, akiguswa mwili wake bila ridhaa ndani ya kuta za chuo, atalipitisha shauri lake katika milango saba, tangu kwa bawabu hadi kwa mudiri, mkuu wa chuo. Katika kila mlango atalieleza lote upya. Likipishana neno moja, atarudi mlango wa kwanza. Na zikipita siku saba hajafika mlango wa saba, basi shauri limekufa, naye atafukuzwa kwa kumsingizia mwenziwe.

Ikawa miaka saba imepita, wala halikufika shauri hata moja mlango wa saba. Sultani akafurahi mno. Kila mgeni aliyekuja alifunuliwa daftari la mashauri, akaliona jeupe, akamsifu Sultani kwa adabu za watu wake.

Basi siku moja ikaja barua kutoka kwa Malkia wa Ungamani, nayo ilisema hivi: "Ninao mabinti arobaini watakao kusoma kwako. Kabla sijawaleta, niletee neno lenye mhuri kwamba watumishi wa chuo chako wamefunzwa namna ya kumpokea mtu aliyetendewa ubaya." Sultani akawaita wanazuoni. Wa kwanza akaomba muda wa miaka miwili. Wa pili akasema sheria yenyewe ibadilishwe kwanza. Wa tatu, alipoona uso wa Sultani baada ya jibu la wa pili, akaugua tumbo palepale. Ndipo mtu mmoja akakumbuka kwamba mjini yupo Mbaruku Kiraka.

Mbaruku huyo alikuwa maskini asiye na mbele wala nyuma. Aliitwa Kiraka kwa sababu katika kanzu yake viraka vilikuwa vingi kuliko kanzu, na kazi yake haikujulikana ila kusema. Akaletwa, akainama.

Sultani akamwambia, "Utawafunza watumishi wa chuo kwa siku tatu. Sheria yangu usiibadili hata herufi moja. Ijumaa nitakuja kuwatahini, na wakikosea, utakaa gerezani mpaka ndevu zako zifike magotini."

Mbaruku akajibu, "Nimesikia na nimetii, Maulana. Lakini mimi sioti ndevu."

"Basi utakaa sana," akasema Sultani, akamwashiria aende.

Mbaruku akaenda zake chuoni, akapiga hodi, akakaribishwa. Alipoingia uani akakiona kibaraza cha mawe kilichoelekea milango yote saba, na juu yake ameketi binti mmoja, mikono mapajani, kama mtu aliyesahauliwa na msafara.

"Shikamoo, baba," akasema binti.

"Marahaba, mwanangu. Wangoja nini hapa?"

"Naungoja mlango wa tano. Mara ya pili."

Binti huyo aliitwa Mwanatumu. Mama yake alikuwa mkunga huko bara, naye amekuja kusoma tiba, na katika ukoo wao hapana aliyewahi kushika kalamu kabla yake. Akamweleza Mbaruku kwa sauti ndogo, kama asomaye kitu alichokikariri. Mwalimu Ghalibu, mwalimu wa dawa, alimwita ghalani kupanga machupa, akafunga mlango, akamshika. Katika mlango wa kwanza alisema ameshikwa kiuno. Alipofika wa tano, kwa kuchoka, alisema ubavu. Akaambiwa amepishanisha, akarudishwa mwanzo. Sasa zimebaki siku tatu, na Ijumaa jua likitua atafungasha vitu vyake arudi kwao na jina la mwongo.

Mbaruku akamwuliza, "Na huko milangoni walikuuliza nini?"

"Bawabu aliuliza nilivaa nini. Karani aliuliza kwa nini nilijitia manukato. Wengine waliuliza kwa nini sikupiga kelele, na kwa nini niliingia."

"Na Mwalimu Ghalibu aliulizwa nini?"

"Bado, baba. Yeye ndiye anayeketi mlango wa sita."

Mbaruku alikuwa mtu wa mzaha, tena mzaha ndio uliokuwa chakula chake. Lakini maneno yale yalimchoma moyo, akashindwa kupata la kuchekesha. Akamwambia tu, "Ijumaa, mwanangu, usibanduke hapa kibarazani," akaondoka.

Siku ile ile akawakusanya watumishi wote, akawauliza, "Mwaka jana mwana wa waziri alipopigwa kofi na mpishi wa chuo, mlifanyaje?"

Wakajibu, "Tulimkamata mpishi."

"Alipita milango mingapi?"

"Milango gani tena, bwana? Yule ni mwana wa waziri."

"Sheria ya Maulana yasema mtu yeyote, mkubwa au mdogo," akasema Mbaruku. "Kumbe miaka saba mmekuwa mkiivunja."

Watumishi wakatazamana, wakaingiwa na hofu, maana kuvunja sheria ya Sultani si jambo la kuchezea. Basi kwa siku tatu akawafunza somo moja tu, wala hakuongeza la pili: kwamba lisirukwe swali hata moja kwa mtu awaye yote. Akajifanya kadhi, akaja kulalamika. Akajifanya waziri. Siku ya kwanza bawabu alijiuma ulimi, akasema hawezi kumwuliza kadhi amevaa nini. Mbaruku akamkumbusha kwamba binti wa mkunga alimwuliza bila taabu. Bawabu akasema, "Kwa yule ulimi ulikuwa mwepesi, bwana." Lakini ilipofika alasiri ya Alhamisi, bawabu aliweza kumwuliza kadhi habari za nguo zake pasipo kupepesa macho.

Ijumaa, baada ya sala, Sultani akawasili. Askari wake wakabaki nje ya lango, kwa kuwa ilikuwa desturi kwamba silaha haziingii chuoni. Watumishi wakajipanga uani, na Mbaruku akasimama mbele yao, akasema, "Maulana, kabla ya mtihani, watumishi wako wana shaka moja. Sheria hii ni ya watu wote, ama kuna waliosamehewa?"

Sultani akaona ameulizwa jambo la kumpatia sifa. Akasema, "Ni ya wote. Hata mimi, ningekuwa na shauri, ningepita milango hiyo hiyo." Akazishika ndevu zake, akaapa kwazo. Karani akaandika.

Mbaruku akasema, "Basi liko neno dogo la faragha, Maulana, kabla hatujaanza." Akamtangulia mpaka katika ghala ya dawa, Sultani akaingia nyuma yake. Mbaruku akafunga mlango, akanyoosha mkono, akazishika ndevu za Sultani, akazipapasa tangu kidevuni hadi nchani, taratibu, kama mtu ambembelezaye paka. Alipokwisha akazipapasa tena.

Ikawa Sultani, ambaye sauti yake iliwahi kusimamisha jeshi, hakutoa sauti. Alisimama tu kati ya machupa, na hata baadaye hakuweza kujieleza ni kwa nini. Kisha miguu ikakumbuka kazi yake, akatoka mbio mpaka uani.

"Mkamateni huyu," akasema. "Amenishika ndevu."

Watumishi wakamtazama Mbaruku, kisha wakaitazama sheria iliyotundikwa ukutani. Bawabu akapiga hatua moja mbele. "Maulana amekwisha kuguswa ndani ya kuta za chuo," akasema. "Mlango wa kwanza ni wangu. Simama hapa, Maulana. Ulikuwa umevaa nini?"

Sultani akamkodolea macho, kisha akakumbuka kiapo. "Joho," akasema.

"Na ndevu zilikuwa wazi, au zimefunikwa?"

"Tangu lini ndevu zikafunikwa?"

"Naandika: wazi," akasema bawabu, akamwonyesha mlango wa pili.

Karani alivuta pumzi kwa pua. "Nanusa waridi. Ndevu hizi alizitia mafuta nani?"

"Mimi mwenyewe."

"Kwa nini, Maulana, ikiwa hukutaka zipendwe?"

"Kupendwa si kushikwa."

"Jibu hilo halina nafasi yake katika daftari," akasema karani, na kwa kweli alisikitika.

Mlango wa tatu ulikuwa wa Bi Salha, msimamizi wa bweni la wasichana. Akamwuliza, "Aliposhika, ulipiga kelele?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Sijui," akasema.

Bi Salha akaandika kwamba hajui, lakini kalamu yake ilikwenda polepole kuliko ilivyozoea.

Katika mlango wa nne mshika funguo alimkumbusha kwamba Mbaruku ni mwalimu mwenye jina jema, akamwuliza kama amefikiri maisha ya mtu huyo yatakuwaje. Kisha akasoma yaliyoandikwa, akatikisa kichwa. "Kwa bawabu ulisema alizishika. Hapa umesema alizipapasa. Yamepishana, Maulana. Rudi mlango wa kwanza."

"Na nikirudi nikafika mlango wa sita, nitamkuta nani?"

"Wiki hii walimu wamebadilishana zamu," akasema mshika funguo. "Utamkuta Mbaruku."

Sultani akakiendea kibaraza cha mawe ili aketi. Mwanatumu akainuka kwa heshima, kisha alipoamriwa kuketi akasogea, akampisha nafasi. Wakakaa wawili, wakiitazama milango.

Sultani akamwuliza, "Wewe uko mlango wa ngapi?"

"Wa tano, Maulana, mara ya pili. Jua likitua nimefukuzwa."

"Ulishikwa nini?"

Mwanatumu akainamisha uso. "Nimelisema mara tisa, Maulana. Ukiamuru, nitalisema la kumi."

Sultani alikuwa amelisema lake mara nne tu, tena lilikuwa la ndevu, naye alikwisha kuchoka. Akamtazama yule binti, aibu ikampanda mpaka masikioni. Akasema, "Usiseme." Kisha akamwita Mbaruku.

"Uliyataka haya tangu mwanzo," akamwambia.

"Maulana, uliniamuru nisibadili herufi, nami sikubadili," akajibu Mbaruku. "Watumishi umewatahini mwenyewe, hawakukosea. Sasa yako mawili mkononi mwako. Ukiiacha sheria kama ilivyo, shauri lako litakufa, nami nitakwenda zangu kula wali, mimi na Mwalimu Ghalibu sinia moja. Ukiibadili, basi mimi nina hatia leo hii, na mkono wenyewe ndio huu." Akaunyoosha. Mkono huo Mbaruku aliupenda, naye hakuwa na mwingine wa kulia.

Sultani akaagiza wino. Akaifuta sheria mstari hadi mstari, akaandika chini yake maneno machache: mlango uwe mmoja, mtu asikilizwe mara moja tu, tena na mtu asiye mshirika wa aliyeshitakiwa, aulizwe alilotendewa, si alilovaa, na aliyeshitakiwa naye aulizwe. Akatia mhuri. Akamwita Bi Salha aketi mlangoni.

Bi Salha akasema, "Maulana, sifai. Mimi ndimi niliyekuwa nikiuliza habari za kelele."

"Basi wewe wajua lisilofaa kuulizwa," akasema Sultani. "Keti."

Shauri la kwanza likawa la Sultani. Akalieleza mara moja, likaandikwa. Bi Salha akamgeukia Mbaruku. "Je, ulimshika?"

"Nilimshika, bila ridhaa yake, nikijua kuwa ni kosa."

Bi Salha akamwuliza Sultani, "Nawe, Maulana, wataka nini?"

Swali hilo halikuwahi kuulizwa katika chuo kile tangu kijengwe. Akautazama mkono wa Mbaruku, ukiwa bado umenyooshwa. "Nataka asirudie," akasema. "Na maisha yake yote akae hatua tano mbali nami. Hizo hatua tano aziishi humu chuoni, awe mwalimu wa watumishi hawa, apewe na kanzu nzima." Mbaruku akarudi nyuma hatua tano, akizihesabu kwa sauti, akainama, akabusu hewa. Ndipo Sultani akacheka, akacheka mpaka kilemba kikamwendea upande, na watumishi waliokuwa wamezuia pumzi tangu mlango wa kwanza wakacheka naye.

Kisha akaitwa Mwanatumu, na Sultani akawaamuru wote watoke uani, naye akatoka. Mwanatumu akalisema la kumi, likawa la mwisho. Mwalimu Ghalibu alipoitwa akakana. Lakini habari za mlango mmoja zilikuwa zimefika bwenini, na alipokuwa akikana bado, wasichana watatu walikuja wakaketi kibarazani, wala hawakuwa wamekuja kwa ajili ya mwalimu mwingine.

Bi Salha akamwuliza Mwanatumu anataka nini. Akasema, "Nataka kurudi darasani, naye asiwepo."

Ikawa hivyo. Ghalibu alitolewa lango la nyuma kabla jua halijatua, na ualimu akavuliwa. Usiku ule Sultani akampelekea Malkia wa Ungamani lile neno lenye mhuri alilolitaka. Jumamosi asubuhi Mwanatumu aliingia darasani, ambako walikuwa wakisoma namna ya kuunga mfupa wa mkono. Akamwomba jirani yake amwonyeshe walipofikia, akafungua kitabu, akaanza kuandika.